Foleni ya Vikopo

Kwa miaka sita nilikuwa mlezi wa gazeti la ukutani shuleni kwetu, na kwa miaka yote sita hakuna aliyenisumbua, kwa sababu gazeti lilikuwa la Kiswahili. Wacha nieleze hapo, maana mtu wa Nairobi au wa Dar anaweza asinielewe. Shule yetu iko kwenye mteremko wa Lubaga, hapa Kampala, na pale Kiswahili ni somo la wachache: watoto wa Wakenya, watoto wa wakimbizi wa Kongo, na Waganda wawili watatu waliokosa nafasi kwenye Kifaransa. Watu wa rika la mkuu wa shule wana kinyongo na lugha hii. Waliisikia utotoni kwa wanajeshi waliokuwa wakigonga milango, na mpaka leo ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza na uso wanaufunga. Siwalaumu. Lakini ndiyo maana jarida la Kiingereza lilipita meza tatu kabla ya kutoka: ya mwalimu wa somo, ya naibu wa nidhamu, halafu ya mkuu mwenyewe na kalamu yake ya kijani. La Kiswahili lilipita kwangu tu. Nilisoma, nikasaini, nikagonga muhuri, wanafunzi wakabandika.

Nilijivuna sana na hilo. Kwenye chumba cha walimu niliwatania wenzangu wa Kiingereza kwamba wao wanafuga kasuku na mimi nalea waandishi. Mdomo wangu huo umeniponza mara nyingi.

Mimi ni Mkenya wa Kitale. Nilikuja Kampala kumfuata mume, mume akaenda zake, nikabaki na kazi na binti mmoja. Wakati wa mambo haya binti yangu alikuwa kidato cha pili, shule hiyohiyo ninayofundisha. Kazi ile ndiyo iliyotushikilia sote wawili, pamoja na kibali changu cha kukaa nchini. Mtu aliye kwao akigombana na bosi anaenda nyumbani kulala. Mimi ningekwenda mpakani.

Mwandishi wangu bora alikuwa msichana wa Kongo wa kidato cha nne. Alikuwa wa kutwa, aliishi mtaa wa Katwe na shangazi yake, chumba kimoja nyuma ya karakana wanakofua mabati na kutengeneza majiko ya makaa, na nyundo zilimzoeza kiasi kwamba darasa likinyamaza ndipo aliposhindwa kuandika. Wazazi hakuwa nao. Alisomeshwa na kikundi cha parokia, na sharti lao lilikuwa moja: kila muhula mkuu wa shule aandike barua kwamba mtoto ana nidhamu njema. Barua ikikosekana, ufadhili umekwisha. Na mwaka ule ulikuwa wa mtihani wa taifa. Orodha ya watahiniwa ilikuwa haijapelekwa bado. Kwa hiyo tuelewane tangu mwanzo: karatasi moja ya mkuu wa shule ndiyo iliyokuwa kati ya yule mtoto na cheti, na mimi nililijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Sasa foleni. Wiki ya kwanza ya kila muhula, wasichana wote wa shule walipimwa mimba. Nesi alimpa kila mmoja kikopo cha plastiki. Vyoo vya wasichana vilikuwa ng'ambo ya uwanja, chumba cha nesi kilikuwa ng'ambo hii, na katikati ndipo wavulana walipocheza mpira. Basi msichana alitoka na kikopo chake mkononi, akavuka uwanja wote, akapanga mstari chini ya dirisha la nesi. Nesi alipokea kikopo, akachovya kijiti, akasubiri, akasema kwa sauti jina na neno "sawa". Mara chache hakusema sawa. Hapo wote waliokuwa mstarini walisikia kimya hicho.

Tulikuwa tunaona, walimu wote. Tulikuwa tunapita pale na vikombe vyetu vya chai tukijitia hamnazo. Hakuna aliyeona kwamba ni jambo la kuandikwa.

Mimi nilifanya zaidi ya kufumba macho. Nilimwendea nesi faraghani, mwanamke mwenzangu, nikamwomba binti yangu asipange foleni. Akanielewa. Aliandika jina lake kwenye daftari, akaweka alama ya vyema, kikopo hakumpa. Nilijiambia mama yeyote angefanya hivyo, na bado nadhani ni kweli, ila si kila mtoto pale alikuwa na mama chumba cha walimu.

Msichana wa Kongo aliniletea makala yake siku ya Jumatano, kurasa mbili za daftari, mwandiko wa kulala upande. Aliiita "Foleni". Nikaisoma nimesimama, halafu nikakaa nikaisoma tena. Haikuwa na tusi hata moja. Aliandika: "Tunabeba mkojo wetu kwa mikono miwili, jinsi unavyompelekea mgeni maji ya kunywa, ili usimwagike mbele ya watu." Aliandika kwamba nesi si mbaya, amechoka, na kwamba hata yeye hawezi kuwatazama usoni. Aliandika kwamba wavulana hawaulizwi kitu. Mwishoni aliomba mambo mawili, kwamba kazi ile ifanyiwe bwenini, na kwamba majina yasitajwe. Basi. Ungeweza kuisoma kanisani.

Lakini katikati palikuwa na sentensi hii: "Binti wa mwalimu mmoja hakupanga. Tulimwona amekaa kwenye ngazi akila njugu, na hakuna aliyemchukia, tulitamani tu na sisi tuwe na mama hapa shuleni."

Nikachukua kalamu nyekundu nikaikata, mstari mmoja mnene.

"Hii inatutoa kwenye mada," nikamwambia.

Aliutazama mstari ule. "Mwalimu, hiyo yenye ulikata ndiyo ilikuwa ya kweli kuliko zote."

"Mhariri ana haki ya kukata. Nimewafundisha au sikuwafundisha?"

"Umetufundisha, Mwalimu," akasema.

Halafu nikafanya jambo ambalo wakati ule niliona ni la busara. Nikaliondoa jina lake. Chini ya makala nikaandika "Mwanafunzi wa kike", nikamwambia ni kwa ajili ya usalama wake. Akainamisha kichwa akanishukuru. Nakala safi ikaenda ukutani, na ile ya mkono wake, yenye jina, kidato na wino wangu mwekundu, nikaiweka kwenye faili. Kanuni ya naibu wa nidhamu ilisema asili ya kila makala ihifadhiwe mwaka mzima. Hakuna aliyewahi kuulizia faili ile. Niliijaza kwa sababu mimi ni mtu wa kufuata utaratibu, na kwa sababu nilipenda kuona inavyonenepa.

Ningeliichoma siku hiyohiyo, leo nisingekuwa na la kuandika.

Kumbe Kiswahili kilikuwa na msomaji mmoja ambaye sikumweka kwenye hesabu zangu. Ubao wetu ulikuwa karibu na geti, kwa vile ukuta wa ukumbi ulichukuliwa na Kiingereza, na pale getini alikaa askari wetu, mzee aliyestaafu jeshi. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kimevunjika kila upande, lakini alikisoma, na alisoma kila toleo tangu la kwanza. Mimi nilipita pale kila siku nikimsalimia bila kujua.

Siku ya wazazi kutembelea, kina mama walifika mapema na vyakula vyao, geti likachelewa kufunguliwa. Wakasimama pale juani. Mzee akaona awachangamshe. Akasimama mbele ya ubao akawasomea "Foleni" yote, sentensi kwa sentensi, akiigeuza kwa Luganda. Alinihadithia mwenyewe mchana, amefurahi kabisa, amenishika mkono.

"Madamu, ile karatasi ya mutoto, mimi nasomea wazazi yote. Kwanza wao nacheka. Halafu nanyamaza. Mama moja nalia. Huyu mutoto iko na akiri sana. Jina yake nani?"

Nikamwambia sijui.

Jumatatu ubao ulikuwa mtupu, pini tu ndizo zilizobaki. Mmoja wa wale kina mama alikuwa mjumbe wa bodi ya shule, na alikuwa na mabinti wawili kwenye foleni ile ambao hawakuwahi kumwambia neno. Alikuwa amemkoromea mkuu mbele ya wazazi wengine. Saa nne nikaitwa ofisini.

Nataka kumtendea haki mkuu wa shule, ingawa sijisikii. Hakuwa shetani. Aliijenga ile shule kutoka madarasa manne, na alijua majina ya watoto karibu wote. Aliniambia, kwa Kiingereza, kwamba kama mwandishi angekuja kwake na malalamiko yale, angeyatengeneza wiki hiyohiyo. Kwamba gazeti la shule ni nyumba ya shule, na ndani ya nyumba kuna maneno ya sebuleni na maneno ya chumbani. Akasema, "Mtoto huyu ameniweka uchi mbele ya wazazi."

Mori ulinipanda. Nikamwambia waliowekwa uchi ni wale wasichana, kila muhula, mbele ya uwanja mzima, na yeye dirisha la ofisi yake linatazama papo hapo. Nilipandisha sauti mpaka karani wa nje akaacha kuchapa. Kwa dakika moja nilikuwa yule mwalimu niliyekuwa nikijisifu kuwa.

Akaniacha nimalize. Halafu akauliza kwa upole kibali changu cha kazi kinakwisha lini.

Nikasema mwezi wa sita.

"Na barua ya kukiombea upya huandika nani?"

Alijua ni yeye. Akasema kanuni iko wazi, asili ya kila makala iko kwenye faili. Mpaka Alhamisi alitaka kuona mezani kwake kitu kimoja kati ya viwili: karatasi ile yenye jina, au barua yangu ya kuacha kazi. Akaongeza kwamba binti yangu anaendelea vizuri darasani, na hilo hakulisema kwa vitisho. Alilisema kwa kujali, ndivyo alivyokuwa.

Shule haina siri. Jumanne asubuhi hata wapishi walishajua Mkenya anamwaga unga. Wenzangu wa Kiingereza, wale niliowaita wafuga kasuku, walinipa pole kwa sauti ya chini na kukaa viti vya mbali. Saa ya chakula nilimwona msichana wa Kongo amesimama nje ya chumba cha walimu, mikono ameikunja, ananisubiri. Nilimwona vizuri kupitia pazia. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikapitia jikoni.

Niseme ukweli wote. Nilikuwa sijaamua bado, au nilijiambia sijaamua. Nilizunguka nyuma ya maabara nikimfikiria binti yangu akianza upya shule ya Kitale katikati ya mwaka, nikimfikiria mama yangu akiniona nashuka na mabegi. Huyu mtoto wa watu nilimfikiria kidogo sana. Nilimfikiria kama jambo gumu, si kama mtu. Nikajipa maneno: mkuu si mkatili, atamwadhibu kidogo, atamfagilisha uwanja, atamwita shangazi, yataisha. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Saa tisa mchana, siku hiyohiyo ya Jumanne, wala sikusubiri Alhamisi, nilifungua faili, nikatoa zile kurasa mbili, nikampelekea mkuu.

Alizisoma kwa shida, kidole kikifuata mistari. Jina aliliona mara moja. Kisha kidole kikasimama kwenye wino mwekundu.

"Hii uliyoikata inasema nini?"

Ningeweza kumdanganya, Kiswahili hakijui vizuri. Lakini nilikuwa nimechoka, na labda nilitaka mtu aniadhibu. Nikamtafsiria neno kwa neno, binti wa mwalimu, ngazi, njugu, mama.

"Basi sisi wawili tunaelewana, Madamu," akasema, akazitia kurasa kwenye droo.

Nilimwomba asimharibie yule mtoto barua ya ufadhili. Nilimwomba sana, hilo nalikumbuka, nilifikia hata kupiga goti kama wanavyofanya wanawake wa hapa, mimi nisiyewahi kumpigia mtu goti. Akasema atalifikiria. Nikatoka nikijiambia nimemkabidhi kwa masharti.

Alhamisi kiti cha yule msichana darasani kilikuwa wazi. Tangazo kwenye chumba cha walimu lilisema amesimamishwa mpaka hapo bodi itakapokaa. Bodi ilikaa muhula uliofuata, ikazungumzia paa la ukumbi. Wiki mbili baadaye orodha ya watahiniwa ilipelekwa bila jina lake. Barua ya nidhamu haikuandikwa, wala njema wala mbaya, na bila barua parokia ilifunga mkono. Nilipanda mpaka ofisi yao siku moja. Mama wa pale alinikaribisha chai, akanisikiliza, akasema anasikitika, sharti ni sharti. Nikanywa chai yake nikateremka. Hizo ndizo jitihada zangu zote, na nimeziandika hapa zote.

Katwe sikwenda. Najua njia, najua karakana, na sikwenda.

Kibali changu kilitoka mwezi wa sita. Muhula uliofuata upimaji ulihamishiwa bwenini, na majina hayakutajwa tena kwa sauti. Yaani yale mawili aliyoyaomba yalifanyika, na hakuna kikao kilichotaja yametoka wapi. Gazeti la Kiswahili sasa linapita meza tatu, tena na tafsiri ya Kiingereza imebanwa pembeni. Kazi ya kutafsiri ni yangu. Si kazi kubwa. Watoto wanaandika kuhusu usafi wa mazingira na umuhimu wa kuamka mapema, wanaandika vizuri, na sina cha kukata.

Hayo yote nilishayameza. Ningeendelea kuyameza, ila mwaka jana nilikwenda Kamwokya kutafuta kitambaa, muziki unapigwa kila kibanda na wake, nikajikinga na mvua kwenye saluni ya mbao karibu na soko. Msusi aliinua kichwa akasema, "Karibu, Mwalimu, keti." Alikuwa yeye. Amenenepa kidogo, amevaa aproni, vidole vinakwenda vyenyewe kwenye kichwa cha mteja.

Nikakaa. Nikauliza habari za shangazi, akasema yuko, anaumwa miguu. Nikauliza kama alipata kufanya mtihani mahali pengine. Akasema hapana. Hakusema kwa uchungu, na hilo lilinichoma zaidi. Nikaona ni afadhali nianze mwenyewe. Nikamwambia kwamba siku zile mambo yalikuwa magumu, kwamba nilibanwa.

"Najua," akasema. "Nilisikia wanakufukuza. Nilikungoja siku ile ya Jumanne, sikukupata. Kesho yake asubuhi nikaenda kwa mkuu."

"Alikuita?"

"Hapana. Nilienda miye mwenyewe." Akachukua uzi mwingine, akaugawa kwa meno. "Nikamwambia ni miye niliandika. Nikamwambia mwalimu hakusoma, nilibandika bila yeye kujua, muhuri niliuiba. Nilitaka wakuache na kazi yako, Mwalimu. Uko na mtoto."

Mvua ilikuwa inapiga bati, nikaomba arudie, na alikuwa amesikika vizuri. Akarudia. Nikamwuliza mkuu alijibu nini.

"Alifungua droo akanionyesha karatasi zangu. Akasema, mwalimu wako alizileta jana."

Mteja alikuwa anatutazama kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilitazama sakafu, palipokuwa na nywele zilizokatwa. Nilitaka kusema nilipewa mpaka Alhamisi, kana kwamba hiyo ingenisaidia.

"Ungeniuliza tu," akasema. "Ningekuambia umupelekee. Ningekushika mkono tuende wote."

Mteja akalalamika kwamba anavutwa sana. Akamwomba radhi, akalegeza mkono, akaendelea na mstari uliofuata. Nilikaa pale mpaka mvua ikakatika, na nilijua neno moja tu lililobaki la kusema, la kuomba radhi, ambalo hata mtoto mdogo hufundishwa. Nikasimama nikamtakia kazi njema, nikatoka.